Hesabu ya Ziwa Moja Haitoshi: Kufuatilia Nyendo za Heroe Mdogo Kati ya Kenya na Tanzania



Askari yeyote wa hifadhi aliyepangiwa lindo kando ya ziwa la magadi amewahi kuulizwa na mgeni: mbona ndege hawapo? Jibu tulilozoea kutoa ni kwamba wamehama. Mara nyingi jibu hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba tunalitoa bila ushahidi, na siku ambayo ndege watakuwa wamekufa badala ya kuhama, tutalitoa vilevile. Mada yangu inahusu tofauti hiyo: namna ya kumtambua heroe aliyehama na heroe aliyepotea, na kwa nini uhifadhi wake hauwezi kufanywa ziwa kwa ziwa.

Ninayemzungumzia ni heroe mdogo, ambaye wengi wetu humwita flamingo tu. Afrika Mashariki ina sehemu kubwa zaidi ya ndege hawa duniani, makadirio yakiwa kati ya milioni 1.5 na 2.5. Chakula chake kikuu ni spirulina, vijimea vidogo vya kijani-buluu vinavyositawi katika maji yenye magadi mengi. Ziwa likichanganyika na maji ya mvua kupita kiasi, spirulina hupungua na ndege huondoka. Likikauka, vilevile huondoka. Hana kalenda ya kuhama kama korongo weupe wanaotoka Ulaya kila mwaka na kurudi. Hufuata chakula, na husafiri usiku. Jioni unahesabu laki moja, asubuhi unakuta matope na manyoya, wala hakuna aliyewaona wakiruka.

Ingawa mahali pao pa kulia ni pengi, pa kuzalia ni kama hapana isipokuwa mahali pamoja. Katika ukanda wetu, Ziwa Natron ndilo tegemeo. Kwa muda mrefu mahali wanapozaliana palikuwa fumbo kwa wanasayansi, hadi mtaalamu wa ndege Leslie Brown alipoliona koloni lao mwaka 1954. Alipojaribu kulifikia kwa miguu, matope ya magadi yalimchoma miguu vibaya, akaponea chupuchupu na kulazwa hospitalini. Matope hayohayo ndiyo ngome ya vifaranga: fisi na mbweha hawapiti. Jike hutaga yai moja tu, juu ya kichuguu cha tope. Maji yakipanda kidogo, viota huzama; yakishuka mno, njia ya nchi kavu hufunguka. Koloni lenye viota laki kadhaa linaweza kuharibika lote kwa wakati mmoja, na hii ndiyo hatari ya ndege wanaozaliana kwa pamoja.

Mwaka 1962 Natron ilifurika. Heroe wakavuka mpaka na kuzaliana Ziwa Magadi, Kenya. Huko chumvi iliganda kwenye miguu ya vifaranga na kuwa pingu nzito, wakashindwa kutembea. Watu wa kujitolea pamoja na askari waliingia majini na kuvunja pingu hizo kwa nyundo ndogo, wakaokoa maelfu. Katika tukio hilo vifaranga wengi walivishwa pete. Pete moja kati ya hizo ilipatikana Ziwa Bogoria, Kenya, miaka zaidi ya 30 baadaye. Nawaomba tuizingatie pete hiyo. Ndege mmoja ameishi miongo mitatu akizunguka katika nchi ambazo, wakati anazaliwa, moja ilikuwa bado haijapata uhuru na nyingine ilikuwa ndiyo kwanza imeupata, nasi tunajua mambo mawili tu juu ya maisha yake: alipoanzia na alipoishia. Katikati yake hakuna kitu.

Wenzetu wa Ulaya wameijaza katikati hiyo kwa subira. Katika Camargue, kusini mwa Ufaransa, watafiti wa kituo cha Tour du Valat wamekuwa wakivisha vifaranga vya heroe mkubwa pete za plastiki zenye alama tangu mwaka 1977. Alama husomwa kwa darubini kutoka mbali, kwa hiyo ndege hahitaji kukamatwa tena wala kuokotwa akiwa mzoga. Kwa njia hiyo ilibainika kwamba heroe wa Ufaransa, Hispania, Italia, Tunisia na Algeria si makundi yaliyotengana, bali ni jamii moja inayobadilishana ndege. Huwa nasikia vijana wetu wakidharau pete, eti ni teknolojia ya zamani. Pete haina betri, haiishiwi chaji, na hudumu muda ambao hakuna mfadhili atakayekubali kulipia kifaa cha setilaiti.

Hata hivyo Natron si Camargue. Kule koloni lilikuwa kwa miaka mingi kwenye kisiwa kilichotengenezwa na binadamu, na vifaranga huongozwa hadi uzioni wakavishwa pete. Kwetu kulifikia koloni ni kuhatarisha watu na kuwatimua ndege. Ndiyo maana kwa heroe mdogo setilaiti imetufaa zaidi: ndege aliyekomaa hukamatwa penye chakula, mbali na mazalia, akafungwa kifaa, akaachiwa.

Kazi hiyo ilifanywa Ziwa Bogoria mwaka 2002, kwa ndege wachache tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha ndege hao wakizunguka katika maziwa ya magadi ya nchi zetu mbili, kutoka Logipi kaskazini mwa Kenya hadi maziwa ya kaskazini mwa Tanzania, bila mpangilio wa msimu unaoeleweka. Wapo watakaosema ndege wachache hawawezi kuwasemea milioni mbili. Ni kweli kwa swali la idadi. Kwa swali la njia, ndege mmoja akivuka mpaka na kurudi ametosha kuthibitisha kwamba njia ipo.

Kuhusu vifaa vyenyewe nitasema machache. Heroe mdogo ana uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili. Kanuni inayofuatwa na watafiti wengi ni kwamba mzigo usizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege, yaani gramu 45 hadi 60. Vifaa vya leo vinavyochajiwa na sola na kutuma taarifa kupitia mitandao ya simu viko ndani ya kiwango hicho. Palipo na mnara wa simu, gharama ya kupokea taarifa ni ndogo kuliko ya setilaiti. Maeneo mengi ya Natron hayana mnara, kwa hiyo anayenunua kifaa aulize kwanza kama kinahifadhi taarifa hadi ndege afike penye mtandao.

Kuna jambo linaloipa kazi hii uharaka. Tangu miaka ya 2010 maziwa kadhaa ya Bonde la Ufa yamepanda sana, Nakuru likiwemo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Current Biology, uliotumia picha za setilaiti za maziwa 22 kwa zaidi ya miaka 20, umeonyesha kwamba kupanda kwa maji kumepunguza chakula cha heroe. Nakuru iliyojaa ndege waridi kwenye kadi za posta haipo tena kwa kiwango kile. Je, waliotoka Nakuru wamekwenda wapi, na huko waendako wanalindwa? Ziwa lisilo na hadhi yoyote kisheria linaweza kuwa ndilo linalowalisha mwaka huu. Orodha zetu za hifadhi zilipangwa kwa kufuata mahali ndege walipoonekana zamani.

Hoja ya kutohifadhi ziwa kwa ziwa inagusa siasa pia. Ewaso Ng'iro ya Kusini, inayoilisha Natron, inatoka Kenya. Heroe wanaowavutia watalii Kenya wengi wao wamezaliwa Tanzania. Mpango wa kiwanda cha magadi Natron ulipojadiliwa kati ya 2006 na 2008, hadi mwekezaji alipojitoa, wengi waliuona kama suala la Tanzania pekee. Vivyo hivyo bwawa au mradi wa umwagiliaji kwenye Ewaso Ng'iro huonekana kama suala la Kenya pekee.

Kutokana na hayo ninaleta mapendekezo mawili, na ningependa yajadiliwe badala ya kupokelewa kwa makofi.

La kwanza, Kenya imekuwa ikihesabu ndege wa majini kila Januari tangu mwaka 1991. Hesabu ya heroe ifanywe pande zote mbili za mpaka katika wiki ileile, pamoja na maziwa madogo yasiyotembelewa. Bila hivyo ndege yuleyule atahesabiwa mara mbili, au asihesabiwe kabisa.

La pili linahusu taarifa za vifaa. Heroe hufa kwa kugonga nyaya za umeme, na wakiruka usiku hawazioni. Ramani ya njia zao imfikie mhandisi kabla nguzo hazijasimikwa. Baada ya hapo itabaki kuwa kumbukumbu ya vifo. Lakini mahali hasa pa koloni, katika msimu wa kutaga, pasitangazwe. Ndege isiyo na rubani inayotafuta picha nzuri inaweza kuwatimua wazazi juu ya mayai kwa dakika chache. Taarifa hizo zikae kwa taasisi za wanyamapori za nchi mbili hadi makinda waruke, ndipo zichapishwe.