Kushangilia Hakutoshi



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika hii ya 15 ya Mwaka C ni ile ya Msamaria mwema, kama alivyotuandikia Mwinjili Luka. Tunaijua tangu utotoni. Pengine tumeizoea mno, hata tunaipita kama vile kuhani na Mlawi walivyompita yule majeruhi. Kwa hiyo leo naomba tusimame mahali pamoja tu, pale mwisho. Mwanasheria amekwisha kukiri kwamba jirani wa kweli ni yule aliyemhurumia mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Amejibu vizuri. Kama ungekuwa mtihani wa katekisimu, angepata alama zote. Lakini Bwana wetu hamwachi aende zake na alama zake. Hamwambii amsifu Msamaria, wala amtungie wimbo, wala amjengee mnara wa kumbukumbu katika njia ya Yeriko. Anamtuma aende, naye akatende kama alivyotenda yule.

Ili tulitafakari jambo hilo, nitawapeleka mbali kidogo, mpaka kisiwa cha Puerto Rico katika bahari ya Karibi, na kwenye mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuutazama. Mchezo huo huitwa besiboli. Mtu mmoja hurusha mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu zake zote. Mpinzani wake husimama na gongo la mti, akajaribu kuupiga. Akiupiga vema, hukimbia kutoka kituo hadi kituo, huku wapinzani wakihangaika kuudaka mpira na kuurudisha kabla hajafika. Huko Karibi na Marekani mchezo huo hupendwa kama kandanda inavyopendwa kwetu. Watu huacha shughuli zao wakakaa karibu na redio, wakacheka na kulia kwa sababu yake.

Katika kisiwa hicho, mjini Carolina, alizaliwa Roberto Clemente tarehe 18 Agosti 1934, mdogo wa mwisho katika nyumba ya watoto saba. Baba yake alikuwa msimamizi wa wakata miwa. Roberto alipokuwa kijana, kabla hajajulikana na mtu, yeye mwenyewe alikuwa shabiki. Mchezaji aliyempenda kuliko wote alikuwa Monte Irvin, Mmarekani mweusi aliyekuja kucheza San Juan katika miezi ya baridi ya kwao. Kijana huyu alikuwa akimngoja nje ya uwanja. Irvin alipomzoea, akawa anampa begi lake alibebe mpaka ndani, ili apite mlangoni bila kulipa kiingilio.

Tulishike jambo hilo dogo, ndugu zangu. Kijana hakukaa jukwaani tu akipiga makofi. Alibeba begi la yule aliyempenda, akatembea nyuma yake, akatazama anavyotupa mpira, kisha akaenda kujifunza kutupa vile vile.

Mwaka 1955 Clemente alianza kuichezea timu ya Pittsburgh Pirates, katika mji wa viwanda vya chuma huko Marekani, naye aliichezea kwa misimu 18. Alikuwa mtu mweusi, tena msemaji wa Kihispania, katika nchi iliyokuwa bado inawatenga watu kwa rangi ya ngozi. Timu ilipokwenda Florida kwa mazoezi, wachezaji weupe waliingia hotelini kula, nao weusi wakabaki ndani ya basi wakisubiri waletewe chakula. Clemente alikataa kula chakula cha namna hiyo, akadai wenye timu wawape wachezaji weusi usafiri wao wenyewe. Waandishi wa magazeti walikuwa wakiandika maneno yake kwa kuigiza matamshi yake, ili wasomaji wacheke. Naye hakuwa malaika; alikasirika, akagombana nao, akalalamika. Hata hivyo hakuacha kazi yake wala hakuionea haya lugha ya mama yake. Mwaka 1971 timu yake ilipotwaa ubingwa, naye akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali hizo, aliletewa kipaza sauti mbele ya watazamaji wa televisheni nchi nzima. Kabla ya kusema lolote kwa Kiingereza, aliwageukia wazazi wake waliokuwa Puerto Rico, akawaomba baraka kwa Kihispania. Maelfu ya watu wa lugha yake waliokuwa wakifanya kazi za chini katika miji ya Marekani walimsikia, wakainua vichwa vyao.

Tarehe 30 Septemba 1972 alipata mpigo wake wa 3,000. Ni wachezaji kumi tu waliokuwa wamefikia hesabu hiyo kabla yake. Uwanja ulisimama ukamshangilia, naye akainua kofia yake. Kama maisha yake yangekomea hapo, tungekuwa na habari njema ya michezo, wala nisingeileta katika mahubiri.

Lakini usiku wa tarehe 23 Desemba mwaka huo huo, siku mbili kabla ya Noeli, tetemeko la ardhi liliuangusha mji wa Managua, mji mkuu wa Nikaragua. Maelfu ya watu walikufa, na wengine wengi sana wakabaki bila makao. Clemente aliujua mji huo. Mwezi mmoja tu uliotangulia alikuwa huko akiiongoza timu ya vijana wa Puerto Rico katika mashindano, na katika mitaa yake alikuwa amezungumza na watu wa kawaida. Aliposikia habari za msiba, hakuuliza kama Nikaragua ni nchi yake. Siku za Noeli, wakati wengine wakiwa mezani na jamaa zao, yeye alikuwa akizunguka San Juan akiomba chakula, nguo na dawa. Watu walimpa, kwa sababu walimpenda. Ndege ya kwanza ya misaada ikaondoka, na nyingine zikafuata.

Kisha zikaja habari za kuhuzunisha. Ilisemekana kwamba misaada ikifika Managua inachukuliwa na askari wa serikali ya huko, wala haiwafikii walioumia. Hapo ndipo Clemente alipokata shauri kwenda mwenyewe. Aliamini kwamba watu wa Managua wanamjua, na kwamba akisimama pale kando ya mizigo kwa miguu yake, hakuna askari atakayethubutu kuigusa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1972 alipanda ndege iliyokuwa imejaa shehena, pamoja na watu wengine wanne. Dakika chache baada ya kuruka ndege ilianguka baharini. Wote watano walikufa. Mwili wa Clemente haukupatikana mpaka leo. Alikuwa na umri wa miaka 38, na nyuma yake aliacha mke, Vera, na watoto watatu wa kiume.

Mchezaji mwenzake Manny Sanguillén, mzaliwa wa Panama, hakuhudhuria ibada ya maombolezo pamoja na timu. Alikuwa baharini, akipiga mbizi pamoja na wapiga mbizi wengine, akimtafuta rafiki yake. Wahenga wetu walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Huyo hata mauti hayakumzuia kutafuta.

Wapendwa, mtu mwenye busara anaweza kuuliza: Je, ilikuwa halali kwa baba wa watoto watatu kupanda ndege ya namna hiyo? Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba ndege ilikuwa imebebeshwa mzigo kupita kiasi, na kwamba haikuwa katika hali njema. Imani haitufundishi kudharau usalama wetu wala wa wenzetu. Hata Msamaria alitumia akili: alikuwa na mafuta na divai, alikuwa na mnyama wa kubeba, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni na kulipa gharama. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote leo apande chombo kibovu kwa jina la upendo. Ninalosema ni hili: kosa la ndege lilikuwa la ndege, lakini nia ya kwenda haikuwa kosa. Clemente alitambua kwamba yako mema ambayo hayawezi kutumwa. Sharti yapelekwe na mtu.

Hapa naomba niungame jambo langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikihudumu, katekista mzee wa kigango cha mbali aliugua. Alikuwa amefundisha watu wazima na watoto kwa zaidi ya miaka 20, kwa posho isiyotosha hata kununua viatu. Niliposikia anaumwa nilitia fedha katika bahasha, nikampa kijana aliyekuwa akienda huko kwa baiskeli. Nilijiambia kwamba mvua ikipungua nitakwenda. Wiki ya pili nikatuma bahasha nyingine. Wiki ya tatu nilikwenda, lakini nilikwenda kumzika. Baada ya maziko mjane wake alinishukuru kwa adabu yote, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Bahasha zilifika, Padre. Lakini mzee alikuwa akikuulizia wewe." Maneno hayo hayakuwa ya kunilaumu. Ndiyo maana hayajanitoka moyoni mpaka leo.

Kutoa ni moyo, nanyi mnaotoa kwa uaminifu mkipitishiwa kikapu cha sadaka mnafanya vema, msiache. Lakini tuchunguze kama hatutumii mkono unaotoa ili kuificha miguu isiyotaka kwenda. Katika jumuiya ndogo ndogo tunachanga mahindi kwa ajili ya mgonjwa, kisha tunamtuma mtoto ayapeleke. Tunawashangilia watawa wanaokaa na wakoma, tunawasifu katika hotuba, tunatundika picha za watakatifu ukutani. Tumekuwa mashabiki wazuri wa utakatifu. Tunajua majina, tarehe na habari zao, kama vijana wetu wanavyojua idadi ya magoli. Lakini shabiki mchezo ukiisha huenda nyumbani akalala. Mfuasi hubeba begi.

Mashabiki wa Clemente nao walikabiliwa na swali hilo. Wangeweza kulia na kutunza picha zake, basi. Heshima walimpa, tena kubwa. Kwa desturi mchezaji hungoja miaka mitano kabla ya jina lake kupigiwa kura kuingizwa katika Jumba la Heshima la Besiboli. Kwake yeye kanuni hiyo iliwekwa kando, akaingizwa mwaka 1973, wa kwanza miongoni mwa wachezaji waliotoka nchi za Amerika ya Kilatini. Na katika sherehe ile ile ya mwaka huo aliingizwa pia Monte Irvin, yule ambaye kijana Roberto alimbebea begi.

Lakini wako waliokwenda mbali zaidi ya heshima. Mjane wake alijitahidi kwa miaka mingi kutimiza nia ya marehemu ya kuwapatia watoto maskini wa kisiwa chao mahali pa michezo. Na kila mwaka ligi kuu ya Marekani hutoa tuzo yenye jina la Clemente, isiyopewa yule mwenye mipigo mingi, bali mchezaji anayeonyesha moyo wa kuwahudumia watu wa mahali anapoishi. Namba 21 aliyoivaa mgongoni imekuwa kama swali kwa vijana wengi: Wewe uliyepewa kipaji na jina, unawafanyia nini wasio nacho?

Ndugu makatekista, swali hilo mnaweza kulipeleka kwa watoto wenu wa Komunyo ya Kwanza na wa Kipaimara. Watoto hao wana wachezaji wanaowapenda. Msiwakemee kwa hilo. Waulizeni: Unampenda kwa sababu gani? Kisha waulizeni: Ni jambo gani jema alilolitenda ambalo nawe unaweza kulitenda wiki hii, hapa kijijini? Msiridhike na jibu la mdomo. Chukueni watoto wawili au watatu, mwende nao kwa bibi fulani asiyeweza tena kufika kanisani, wamchotee maji, wakae naye, wamsikilize. Somo hilo hawatalisahau.

Nasi watu wazima, kila mmoja wetu anamjua mtu mmoja ambaye tumekuwa tukimtumia salamu. Ni mgonjwa, au mfungwa, au ndugu tuliyekosana naye, au jirani aliyefiwa. Salamu zimefika, na bahasha zimefika. Yeye anatuulizia sisi. Kabla ya Dominika ijayo, twende.

Basi tumwombe Mungu Baba, aliyeona taabu yetu asitutumie salamu tu kwa vinywa vya manabii, bali akamtuma Mwanawe mwenyewe aje kukaa kwetu. Atuondolee uvivu wa miguu, atupe busara ya Msamaria na ujasiri wake, na awapumzishe kwa amani wote waliokufa wakiwa njiani kuwaendea wenzao. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.