Magadi, Chumvi na Natiri: Sifa za Vitu na Istilahi Zetu



Naomba tuanzie jikoni, huko Igunga, ukingoni mwa mbuga ya Wembere. Mama apikaye mlenda au maharage makavu hutia magadi kidogo. Maharage hulainika upesi, na majani hubaki na ukijani wake. Akiyazidisha, chakula huwa kichungu, chenye ladha ya sabuni. Mama huyu pengine hakusoma kemia, lakini sifa za alkali anazijua: ladha yake, utelezi wake, na nguvu yake ya kulegeza kuta za seli za mmea. Magadi yakikamuliwa ndimu hufoka povu. Gesi itokayo ni kabonidayoksaidi.

Mwanawe huenda sekondari, akaambiwa kwamba magadi ni chumvi. Hushangaa, na ana haki ya kushangaa. Nyumbani kwao chumvi ni kitu kimoja tu, kile ambacho katika karne ya 19 kilichemshwa kutoka maji ya chemchemi za Uvinza na kuchukuliwa na wapagazi hadi Unyanyembe. Mwanakemia amelitwaa neno hilo akalifanya jina la ukoo mzima: kila msombo utokanao na asidi kukutana na besi. Upanuzi huo wa maana ni halali. Kosa ni kuufanya kimyakimya. Tangu TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, istilahi tunazo. Ila orodha ya istilahi haimwambii mwanafunzi kwamba neno alilokuja nalo darasani limebadilishwa maana.

Nimetaja msombo, au kampaundi kama wengine wasemavyo. Katika mchanganyiko kila kitu hubaki na sifa zake. Katika msombo sifa hizo hupotea. Sodiamu ni metali laini ikatwayo kwa kisu, huyeyuka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi, na hupambana vikali na maji. Klorini ni gesi ya sumu. Zikiungana, tunapata chumvi ya mezani, isiyoyeyuka kwa moto mpaka ifike nyuzi 801, na tunaila kila siku.

Sodiamu, iliyotengwa na Humphry Davy mwaka 1807, alama yake ni Na. Herufi hizo zimetoka katika natrium, jina la Kilatini cha wanasayansi lililojengwa juu ya natron, jina la kale la magadi. Waarabu husema natrun. Kaskazini mwa nchi yetu liko Ziwa Natron, na ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, liko Ziwa Magadi: maziwa mawili jirani, maana moja. Wapo wanaoipinga istilahi natiri kwa kuwa ni ngeni masikioni. Ngeni kuliko sodiamu? Mimi naichagua natiri, kwa sababu mwanafunzi wa Igunga akiiona alama Na ubaoni, ataweza kuonyeshwa njia kutoka herufi hizo mbili hadi chungu cha mama yake.