Aliazima Vyombo, Hakuazima Pesa: Kuanza Kutengeneza Sabuni na Mishumaa Nyumbani

(Somo lililotolewa kwa akina mama na vijana katika mkutano wa maadhimisho, Buteba. Tumeliandika jinsi lilivyosemwa, tukipunguza marudio tu.)

    

Nimepewa dakika arobaini, na Mama Mchungaji ameshika saa pale mbele, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Asubuhi tulisoma 2 Wafalme sura ya 4, habari za yule mjane. Deni limemlemea, mdai anataka kuchukua watoto wake wawili. Elisha hakumuuliza, nani atakukopesha? Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Sasa angalieni vizuri, wapendwa. Mama yule alikwenda kwa majirani kuazima vyombo. Aliazima vyombo, hakuazima pesa! Na mafuta yalipojaa, agizo likaja kwa utaratibu: uza, lipa deni, ndipo wewe na wanao mle kinachobaki.

Mimi sikufuata utaratibu huo. Acheni niwaambie ukweli, kwa sababu ushuhuda wa ushindi peke yake haumfundishi mtu sabuni.

Miaka kadhaa iliyopita baba watoto aliumia mgongo kwenye mashimo ya dhahabu huku kwetu. Karo ikasimama. Nikasikia kuna mafunzo ya siku moja ya sabuni, nikalipa, nikarudi nyumbani na karatasi imeandikwa: kostiki tumpeko moja, maji tumpeko mbili na nusu, mafuta tumpeko saba. Basi! Nikakopa shilingi 150,000 kwenye chama cha akina mama, nikanunua vitu, nikapika mara tatu kwa wiki moja. Asubuhi nikakata, siku ya tatu nikauza. Dada mmoja wa ushirika wetu kutoka Amagoro, upande wa Kenya, alichukua vipande 20 akauze huko kwao.

Baada ya wiki akarudi. Hakunifokea. Alinyoosha mikono tu, nikaona ngozi imebambuka katikati ya vidole. Na wateja wake walikuwa vivyo hivyo.

Jamani, Jumapili ile niliinua mikono kusifu, naye ameketi mstari wa nyuma yangu na mikono yake imefungwa kitambaa. Sikusema neno. Ilinichukua wiki mbili kusimama mbele ya akina mama na kusema kosa ni langu. Nikarudisha pesa za kila mtu niliyemjua. Deni la chama nililimaliza baada ya miezi mitano, kwa kulima mashamba ya watu.

Baadaye nilipopata mizani, nikaipima tumpeko ile. Kostiki ikijazwa mpaka ifanye kilima, ilipita gramu 500. Mafuta yale yalihitaji kama gramu 420. Zile zilizozidi ndizo zilizokula mikono ya dada yangu.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja: anza kidogo, pima kwa mizani, subiri, ndipo uuze. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Nne au tano mnaweza kuchanga mkanunua moja na kuazimana, kama vyombo vya yule mjane.

Kazi hii si ngeni kwetu. Bibi zetu walichoma maganda ya maharage, wakachuja maji ya majivu wakapikia mboga. Wateso tunaita abalang, Waluhya mnaita musherekha. Ni jamii moja na magadi. Yeremia sura ya 2 inataja magadi na sabuni, na Malaki sura ya 3 inataja sabuni ya mfua nguo. Lakini maji ya majivu hujui ukali wake ni kiasi gani, na sabuni yake huwa laini, haisimami kama mche. Ndiyo maana tunatumia kostiki. Kostiki inapokutana na mafuta, vyote viwili vinageuka kuwa kitu kipya. Kostiki ikizidi, inabaki pale inangojea ngozi ya mtu. Mafuta yakizidi kidogo, ngozi inafurahi. Kwa hiyo siku zote tunaacha mafuta yazidi kidogo.

Andikeni. Mafuta ya mawese, au mafuta ya ng'ombe kutoka buchani yaliyoyeyushwa na kuchujwa, kilo 1. Kostiki safi, ile iliyoandikwa asilimia 98 au 99, gramu 132. Maji safi gramu 300. Maji nayo yapimeni kwa mizani. Kipimo hiki ni cha mafuta hayo mawili tu. Mafuta ya nazi yanataka kostiki zaidi sana, ya alizeti yanataka pungufu kidogo. Ukibadilisha mafuta bila kubadilisha hesabu, unarudi kwenye tumpeko yangu.

Kabla hujafungua kostiki, watoto watoke. Vaa glavu za mpira, miwani, mikono mirefu na viatu vya kufunika. Usifanyie kazi ndani ya jiko lililofungwa, toka nje penye hewa. Na sikilizeni hapa: usitumie sufuria! Sufuria zetu hizi ni za alumini, kostiki inazitafuna na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Tumia ndoo nzito ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu, na mwiko wa mti ambao hautarudi tena kwenye ugali.

Mimina kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Usimwage maji juu ya kostiki, yataruka yakupige usoni. Maji yatachemka yenyewe bila moto, na mvuke wake usiuvute. Yaache yapoe. Mafuta nayo yayeyushe. Vyote viwili vikiwa vya moto kiasi cha kushika chombo kwa nje bila kuungua, mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta, ukoroge. Kwa mkono inaweza kuchukua nusu saa, hata saa nzima. Imbeni nyimbo, msichoke. Ukiona imekuwa nzito kama uji, ukiinua mwiko tone linaacha alama juu kabla ya kuzama, mimina kwenye boksi lililotandikwa karatasi ya nailoni. Funika kwa gunia.

Baada ya siku moja au mbili, kata ukiwa bado na glavu. Halafu panga vipande juu ya rafu, kila kimoja kipate hewa, pasipo jua kali. Sasa subiri wiki 4 hadi 6. Najua, hapo ndipo imani inapojaribiwa! Lakini maji lazima yatoke na sabuni ikomae. Na mjue, kusubiri hakuponyi kosa la kipimo. Sabuni iliyozidi kostiki haitatulia hata ikikaa mwaka. Kwa hiyo mara ya kwanza tengeneza kilo 1 tu. Itumie nyumbani kwako. Fua nayo, oga nayo. Ikikutendea mema mwezi mzima, ndipo umpe jirani.

Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, usipake siki wala mafuta. Ikiingia jichoni, osha huku unakimbizwa hospitali. Na usiweke kostiki wala maji yake kwenye chupa ya soda. Narudia kwa akina baba walio nyuma. Usiweke kwenye chupa ya soda! Mtoto akirudi kutoka shule na kiu hasomi maandishi, anafungua na kunywa, na koo lake linaungua palepale. Weka kwenye chombo chake chenye kifuniko cha kubana, juu, chini ya kufuli. Hata hewa ikiingia inaiharibu.

Haya, mishumaa. Mishumaa ni rahisi kuliko sabuni, lakini ni moto. Unahitaji nta, utambi wa pamba uliosukwa, na kitu cha kumiminia, mfano vipande vya bomba la plastiki gumu au mianzi, umepaka mafuta kidogo ndani ili mshumaa utoke. Nta usiiweke moja kwa moja juu ya moto. Weka kopo la nta ndani ya sufuria yenye maji, maji ndiyo yachemke. Hapo sufuria ya alumini haina shida. Nta ikishika moto usimwage maji, italipuka. Funika kwa kifuniko, uzime jiko.

Nyoosha utambi katikati, ufunge juu kwenye kijiti, mimina nta. Ikipoa itabonyea katikati, ongeza kidogo. Halafu washa mmoja uutazame mpaka uishe. Utambi ukiwa mnene unatoa moshi na mshumaa unaisha upesi. Ukiwa mwembamba unazama ndani ya nta na kuzimika. Badilisha mpaka upate unaofaa. Kilo 1 ya nta inakupa mishumaa 20 ya gramu 50.

Lakini nisiwadanganye. Siku hizi taa za sola zimefika kila kijiji na simu ina tochi. Mishumaa itanunuliwa umeme ukipotea mjini, wakati wa kesha, harusi na Krismasi. Sabuni inanunuliwa kila wiki. Kama unatafuta karo, egemea sabuni, mishumaa iwe kazi ya msimu.

Upande wa bei, siwezi kuwapa, kwa sababu Busia bei inabadilika ukigeuka. Nawapa njia. Andika kila kitu kwenye daftari: mafuta, kostiki, kuni, karatasi, boda, na siku yako ya kazi. Gawanya kwa idadi ya vipande vilivyokauka. Usipime sabuni mbichi ukauza kwa uzito huo, maana maji yakitoka inapungua, na mteja ana mizani nyumbani. Mithali sura ya 11 inaanza na jambo hilohilo la mizani. Msishindane na viwanda vya Kampala, Jinja na Nakuru kwa bei, hamtawaweza. Shindaneni kwa sabuni isiyochubua mikono na mtu anayejua aliyeitengeneza anakaa wapi.

Na kuvuka mpaka. Sisi ni wamoja katika Bwana, lakini mzigo una sheria zake. Kuna utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, unaopewa cheti cha asili palepale mpakani. Ulizeni kwenye dawati la habari za biashara, Busia au Malaba, kama bidhaa yenu imo kwenye orodha. Ukitaka kuuza madukani watakuuliza alama ya ubora, ya UNBS upande wa Uganda au KEBS upande wa Kenya. Pia wa Uganda, msifunge sabuni kwenye kaveera mkavuka nayo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017. Fungeni kwa karatasi au majani makavu ya ndizi. Na njia za panya tuwaachie panya. Mtu akikukamata huko na sabuni, hakukamati wewe peke yako, anakamata jina la ushirika.

Namalizia. Yule dada wa Amagoro yuko hapa leo, na ameniruhusu kusema haya yote. Nilipotengeneza kilo yangu ya kwanza kwa mizani, nilikaa nayo wiki 6, nikampelekea kipande kimoja. Sikumwambia auze. Nilimwambia, dada, ukikubali, jaribu. Alikitazama muda mrefu. Akaomba maji kwenye beseni, akanawa mbele yangu, akaniambia nirudi wiki ijayo. Niliporudi alinionyesha mikono. Leo sisi wawili tuna rafu moja kwake na moja kwangu, mizani ni moja, inavuka mpaka kila wiki mbili. Hatujakopa tena.

Baada ya chai, wanaotaka kuona kwa macho tukutane chini ya mwembe. Njooni na viatu vya kufunika. Watoto wabaki na akina baba. Anayetaka kujaribu nyumbani, kwanza aje anionyeshe mizani yake, ndipo nitampa gramu 132.

Mungu awabariki. Tusimame tuombe.