Gari Likinuka Petroli, Lisitoke

Maelezo ya timu ya usafiri kwa kamati za parokia za Kibaha na Kisarawe



Tumezoea kukutana hapa kuzungumzia visima, madarasa na vikundi vya akina mama. Leo tumeomba tuzungumzie magari yanayotufikisha kwenye kazi hizo zote.

Magari yetu mengi yanatumia petroli, yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na sasa umri wake umepita miaka 20. Ndiyo yanayobeba mgonjwa usiku kutoka Mlandizi hadi Hospitali ya Tumbi, na ndiyo yanayopita njia za vijijini kuelekea Maneromango wakati wa masika. Injini bado ni nzima. Kinachochoka ni mipira ya mafuta, na jambo hilo likipuuzwa linaweza kuchukua uhai wa watu.

Gari la zamani la kabureta lilisukuma mafuta kwa nguvu ndogo, kama baa 0.3 hivi. Likivuja, lilidondosha. Gari lenye injekta, lile tunaloliita EFI, lina pampu ya umeme inayosukuma petroli kwa baa 2.5 hadi 3, yaani karibu mara kumi. Hiyo ni nguvu kuliko upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Mpira ukipata ufa, petroli huruka kama dawa inayopulizwa kwenye mikorosho, tena juu ya injini na bomba la moshi lenye moto.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kutafuta cheche. Sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Gari la parokia halibebi mafuta mengi kiasi hicho, lakini petroli ni ile ile.

Uvujaji huanzia wapi? Mara nyingi ni kwenye mipira iliyokauka kwa joto la injini, kwenye klipu zilizoshika kutu, kwenye washa za filta ya mafuta zilizorudishwa kuukuu, kwenye oringi za injekta, au kwenye bomba la chuma chini ya gari lililogongwa na mawe. Dalili ya kwanza ni harufu, hasa asubuhi au mara tu baada ya kuegesha. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita moja kwa siku, kwa hiyo hata mwenye kutunza hesabu za mafuta anaweza kuligundua tatizo kabla ya fundi.

Yapo matengenezo ya njiani ambayo tunaomba yakome. Sabuni ya mche iliyobandikwa kwenye tangi haidumu. Utepe wa tyubu uliofungwa kwenye bomba hulainishwa na petroli na kuachia. Mpira wa maji haustahimili mafuta wala msukumo. Na tangi lisichomelewe kamwe kwa kuwa eti limemwagwa mafuta: tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Matengenezo sahihi si ya gharama kubwa, ila yana utaratibu wake.

Kwanza, gari liwe nje, mahali penye hewa, na injini iwe imepoa. Pasiwe na sigara, jiko wala kibatari karibu. Kizima moto cha unga na ndoo ya mchanga viwe tayari. Maji yasitumike, maana husambaza moto wa petroli.

Pili, toa msukumo. Hata injini ikizimwa, mafuta hubaki yamebanwa ndani ya mabomba kwa saa nyingi. Fungua kifuniko cha tangi, toa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izimike yenyewe, kisha fungua waya wa hasi wa betri. Unapolegeza kiungo, kifunike kwa kitambaa.

Tatu, weka mpira uliotengenezwa kwa ajili ya EFI. Ubavuni huandikwa J30R9. Ule wa ndani ya tangi ni wa aina nyingine, J30R10, kwa sababu unaloa petroli nje na ndani. Klipu ziwe mpya na zisiukate mpira. Washa na oringi zilizotolewa zisirudishwe. Oringi mpya ipakwe mafuta kidogo ya injini ili isikatike wakati wa kuingia.

Nne, kagua. Rudisha fyuzi na betri, washa injini, mulika kwa tochi kila kiungo kwa dakika kadhaa. Kagua tena injini ikiwa ya moto, na tena kesho yake asubuhi.

Ndugu wajumbe, fundi anaweza kufanya haya yote na bado tukapata ajali, iwapo dereva anaogopa kusema. Mgonjwa anasubiri, mwenyekiti anapiga simu, mgeni ameshafika Kisarawe, na dereva anasikia harufu. Akiondoka, anaweka abiria wote hatarini. Akikataa, anaonekana mvivu. Mzigo huo si wa kumwachia peke yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kamati iandike kwamba dereva akisikia harufu ya petroli, gari halitoki, na hataulizwa kwa ukali. Kila parokia iwe na namba za gari jingine la kukodi kwa ajili ya wagonjwa, ili kusimama kwa gari letu kusiwe kumtelekeza mtu. Na bajeti ya mwaka iwe na fungu la mipira, klipu na kizima moto kwa kila gari.

Ndugu wafadhili, fungu hilo ni dogo na halina jiwe la msingi la kuzindua. Hata hivyo, tunaliomba kwa uzito ule ule tunaoombea kisima.