Mabadiliko ya Sauti ya Paka na Maana Yake kwa Afya ya Kaya: Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mada iliyotayarishwa kwa semina ya wahamasishaji wa afya ya jamii, wazee wa Nyumba Kumi na wahudumu wa mifugo

Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie sauti ya paka: hubadilika kwa nini, na ikibadilika mwenyewe afanye nini. Mambo mengi katika mada hii mnayajua, kwa hiyo nitayapitia haraka. Muda utakaobaki nitautumia kwa jambo moja ambalo limetusumbua miaka mingi sisi tunaofanya kazi kati ya Makadara na Njiru, na ambalo kwenye semina kama hizi huachwa mwisho wa ratiba, chai ikiwa tayari mezani.

Sauti ya kawaida na isiyo ya kawaida

Paka wakubwa hawaliliani sana wao kwa wao. Huelewana zaidi kwa harufu, masikio na mkia. Ile "nyau" ya mlangoni alfajiri humlenga binadamu, ndiyo maana anayeishi na paka huwa wa kwanza kujua sauti imegeuka, kabla ya daktari yeyote.

Paka akilia kuliko kawaida, kwanza uliza ni jike au dume. Jike ambaye hajahasiwa akitaka dume hulia usiku kucha, na huo si ugonjwa. Dume anayelia huku akichuchumaa bila kutoa mkojo njia yake ya mkojo imeziba. Hiyo ni dharura ya siku ile ile, kwa sababu anaweza kufa katika siku mbili au tatu. Paka mzee, wa miaka 10 na zaidi, akianza kupiga mayowe usiku huenda tezi ya thairoidi shingoni inafanya kazi kupita kiasi, au ana shinikizo la damu, au amekuwa kiziwi na hajisikii tena.

Sauti ikimpwelea au ikipotea, mara nyingi ni mafua ya paka yanayoletwa na virusi vya herpesi na kalisi. Utaona chafya, kamasi na tongotongo. Moshi wa jiko la makaa katika chumba kimoja nao hukwaruza koo. Uvimbe kooni upo pia, hasa kwa paka wazee. Naomba niongeze onyo hapa: msiwape paka Panadol wala dawa yoyote yenye parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Tatizo lenyewe: "Ni mfupa wa samaki"

Katika mitaa yetu, paka akipwelewa na sauti, akitoa udenda na kukataa chakula, maelezo huwa yale yale kuanzia Maringo hadi Kayole: mfupa umemkwama kooni. Siwalaumu wanaosema hivyo. Eastlands inakula samaki. Jioni kwenye vibanda kuna mgongo wazi, vichwa vya mbuta na omena, na paka wa ploti anaishi kwa mabaki yake. Mifupa hukwama kweli, na ipo tuliyoitoa wenyewe. Lakini dalili hizo tatu zikikutana, kuna ugonjwa mwingine unaofanana na mfupa kwa kila kitu, nao ni kichaa cha mbwa.

Virusi vya kichaa huingia kwa mate kupitia jeraha, hufuata neva polepole hadi kwenye ubongo, kisha hurudi kwa neva hadi kwenye tezi za mate. Neva za koromeo zikishambuliwa, misuli ya sauti hulegea. Paka aliyelia kwa sauti nyembamba huanza kutoa mlio mzito, mkavu, unaokatika katikati. Misuli ya kumeza nayo hulegea, kwa hiyo mate hayamezwi tena na hutiririka nje. Taya huenda likalegea. Anayemtazama anaona mnyama mwenye kitu kooni, na kwa huruma anafanya kitu cha hatari kuliko vyote, yaani kumtia kidole mdomoni.

Nitaeleza tukio moja. Kwenye ploti ya Kayole, orofa ya tatu, nilimkuta mama ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, paka amefungwa kwa leso, mtoto akimulika kwa tochi ya simu. Mama alikuwa amepenyeza mpini wa kijiko kati ya meno ya paka huku akipapasa kooni kwa kidole cha shahada. Leso ilikuwa imelowa udenda. Kwenye kidole kile kile palikuwa na mkato mbichi wa kisu. Alikuwa ametoka kukata sukuma wiki. Nilipouliza paka ni wa nani, jibu lilikuwa moja, nalo mnalijua: "Ni wa ploti." Hakuna aliyewahi kumpeleka chanjo, kwa sababu hakuna aliyekuwa mwenyewe.

Tulimnawisha mama papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukampeleka akaanze chanjo, na yeye na mtoto wakamaliza ratiba yote. Paka alikufa baada ya siku mbili. Keretaka, akiwa na nia njema, alimtia kwenye gunia na kuwapa vijana wa taka. Tuliporudi, gunia lilikuwa limeshaelekea jalala la Dandora, na ushahidi wote ukaenda nalo. Tukio hilo halimo katika takwimu zozote, na yapo mengi kama hilo.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, viungani mwa Nairobi hii hii. Makadirio yanayotumika nchini ni watu wapatao 2,000 wanaokufa kila mwaka. Mkakati wa taifa ulioanza 2014 unataka vifo vya binadamu viishe ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa wasiopungua asilimia 70. Msingi huo ni sahihi: duniani, karibu asilimia 99 ya watu wanaougua wameambukizwa na mbwa, na naomba nisinukuliwe kuwa nimesema vinginevyo. Lakini kampeni ikija mtaani, bango lina picha ya mbwa, spika inaita mbwa, na mama aliyebeba paka kwenye kikapu anasimama pembeni akidhani hahusiki. Hata Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linapozipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, linataja leseni za mbwa kwa jina. Jedwali hilo hilo linataja pia mahali pa kuzikia wanyama. Huduma hiyo ingekuwepo karibu na ploti ile, gunia lisingekwenda Dandora.

Na paka, tofauti na mbwa wa geti, analala kitandani na watoto.

Nisieleweke vibaya. Paka wengi wanaopwelewa na sauti wana mafua tu na watapona. Sitaki mtu atoke hapa akapige paka mawe, wala kuwatilia sumu ya panya, jambo ambalo tayari linafanyika mno. Ninachosema ni kwamba kutoka sebuleni huwezi kutofautisha mfupa na kichaa, na anayejaribu kutofautisha kwa kidole anaweka maisha yake rehani. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, hospitali haina tiba ya kumrudisha.

Mapendekezo

Kila mhamasishaji wa afya ya jamii abebe ujumbe mmoja nyumba kwa nyumba: sauti ikigeuka na udenda ukitoka, usifungue mdomo wa paka. Mfunike kwa karai au kreti, au umfungie chumbani, kisha upige simu.

Paka aliyemuuma au kumkwaruza mtu, akiwa anaonekana mzima, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 kama mbwa. Kwa paka wa ploti, keretaka ndiye awajibike, na wenye nyumba waliandike hilo kwenye masharti ya kazi yake.

Mtu aliyeingiwa na mate ya paka wa namna hii kwenye jeraha, jicho au mdomo anawe kwa maji mengi, jeraha kwa sabuni dakika 15, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama paka atakufa. Nimewaona watu wanaofika na kuambiwa dozi zimeisha, warudi wiki ijayo. Vituo vinavyohudumia Eastlands viwe na orodha ya pamoja ya mahali chanjo ilipo, ili mgonjwa aelekezwe badala ya kurudishwa nyumbani.

Mabango ya kampeni yaonyeshe mbwa na paka. Spika iseme "mbwa na paka". Nimelipendekeza hili katika semina zilizopita na nalirudia.

Paka wa ploti achanjwe hata kama hana mwenyewe, kwa gharama ya kampeni. Mzee wa Nyumba Kumi atie saini mahali pa mwenye mnyama.

Wauzaji wa agrovet wasiuze dawa ya "kutoa mfupa" wala viuavijasumu kwa maelezo ya mdomo tu. Wamwelekeze mteja kwa daktari wa mifugo.

Tena, kidole kisiingie mdomoni. Wala kijiko.

Paka anayeshukiwa akifa, asitupwe na asipigwe kichwani, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa katika Maabara Kuu ya Mifugo, Kabete, na ukipondeka kipimo huharibika. Avalishwe mifuko miwili ya plastiki bila kuguswa kwa mikono mitupu, awekwe kwenye barafu, asimwagiwe mafuta ya taa wala dawa yoyote. Vijana wa taka waelezwe hivyo pia, kwa malipo madogo kwa kila mzoga wanaouripoti.

La mwisho linahusu ofisi zetu wenyewe. Kila kaunti ndogo ya upande huu iwe na kisanduku cha barafu na afisa mmoja wa zamu anayepokea mizoga Jumamosi na Jumapili pia. Namba yake ya simu ibandikwe kwenye ofisi ya chifu, kwenye agrovet na kwenye geti la kila ploti, na ianze kupokelewa kabla ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28.