Hotuba ya Katibu wa Kwaya: Wenzetu Wanaofanya Kazi Majumbani

 

Tunawakaribisha katika jubilii yetu ya miaka 25. Habari za sare, kinanda na safari zetu mwenyekiti amezieleza, kwa hiyo hatutazirudia. Sisi tumetumwa na wanakwaya tuseme jambo moja tu.

Kwaya yetu ina daftari la mahudhurio. Ukilifungua utaona alama za "amechelewa" na "hayupo" zimejaa mbele ya majina yale yale, hasa Desemba, wageni wanapokuwa wengi majumbani. Wenye majina hayo si wavivu. Ni wenzetu wanaofanya kazi katika nyumba za watu, hapa Parklands Avenue, ya kwanza hadi ya sita, Highridge na hata Westlands. Wengine hulala kazini, wengine hutoka Deep Sea au Kangemi kwa miguu kabla ya jua kuchomoza. Karibu nusu ya soprano mnayoipenda ni wao.

Jioni moja baada ya mazoezi, tukipanga viti, mmoja wao alisema kwa nini huchelewa. Kitambulisho chake kilikuwa kimefungiwa kabatini na mwajiri. Kikombe na sahani yake viliwekwa chini ya sinki, visichanganyike na vya wenyewe. Lifti ya ghorofa hakuruhusiwa kuipanda, hata akiwa amembeba mtoto wa nyumba hiyo mgongoni. Na siku shati lilipoungua, alichapwa kwa waya wa pasi. Alisema hayo yote kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua sokoni.

Hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani. Akafuata mwingine, ambaye kila usiku alisukuma meza mlangoni kwa sababu baba wa nyumba alikuwa akimgongea. Alitoka pale na mfuko mmoja, bila mshahara wa miezi miwili. Kisha mzee wetu wa besi, mtunza bustani mwenye wajukuu, akasema bado anaitwa "kijana" na watoto wa shule ya msingi. Watu wakacheka kidogo, naye akacheka, lakini tuliona macho yake.

Wenyewe wametupa ruhusa kuyasema haya, bila majina yao wala ya waajiri. Kila mmoja alidhani aibu ile ni yake peke yake. Waliposikilizana, mzigo ukapata wabebaji. Dada mmoja wa alto ambaye ni muuguzi alimpeleka yule wa waya wa pasi kutibiwa, mama mmoja wa kanisa akampa kitanda, na kwaya ikachanga kodi ya mwezi wa kwanza. Leo ana kazi nyingine na yuko mstari wa mbele. Mtamsikia.

Walimu hatuachi kufundisha, mtatuvumilia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka akiendelea kulipwa. Mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi, kwa kiwango kilichoanza Novemba 2024, hakupaswa kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, asioge kwanza, na nguo azibebe kwenye mfuko wa karatasi. Kituo cha wahasiriwa wa ukatili wa kijinsia katika Nairobi Women's Hospital, Hurlingham, kimekuwa kikiwatibu bila malipo tangu 2001. Simu 1195 pia haina malipo.

Na hapa hatutazunguka mbuyu. Waajiri hawa si wa kabila moja, wala rangi moja, wala dini moja. Baadhi tunakaa nao kwenye viti hivi hivi. Ndugu mwajiri, mrudishie dada kitambulisho chake. Mwache aje mazoezini Jumamosi. Wali wa jioni unaweza kuupika mwenyewe, haijawahi kumuua mtu. Nawe jirani unayesikia kilio ukutani, usiongeze sauti ya redio.

Pesa zote za kijitabu hiki zinakwenda kwenye mfuko wa chumba cha dharura. Baada ya ibada meza yetu iko karibu na lango. Mwenye kitanda cha ziada, godoro au kazi yenye mshahara halali aandike jina na namba ya simu. Mwenye jambo la kusema haandiki chochote. Amtafute dada yetu muuguzi, amevaa kitambaa cheupe kichwani, atakuwa vestri mpaka saa kumi.