Mwanangu, Hukuniuliza
Hotuba iliyotolewa Siku ya Diakonia, katika juma la Jubilei ya Miaka Mia ya Usharika



Nimepewa heshima ya kunena juu ya kazi ya ustawi wa jamii, niliyoitumikia hadi kustaafu kwangu. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa kijana mwenye cheti kipya, nililetewa habari za mjane aliyelea wajukuu wanne. Nilimpelekea gunia la mahindi, nikaandika daftarini: amesaidiwa. Miezi miwili baadaye nikakuta shemeji zake wamemfukuza shambani. Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia mapema, akajibu, "Mwanangu, hukuniuliza." Tulihudhuria vikao vingi vya ukoo na vya kijiji. Akarudishiwa nusu ya migomba yake. Nusu nyingine ilikwisha kuuzwa.

Matendo ya Mitume, sura ya 6, yatueleza juu ya wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuongeza chakula tu. Walisikiliza manung'uniko, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye hekima, wakawakabidhi kazi. Kusikiliza, kuandaa watenda kazi na kutenda: mambo haya matatu hayatengani.

Mchungaji Theodor Fliedner alilielewa hilo alipoanza kuwafunza madiakonisa huko Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1836. Mwaka 1917 Mary Richmond wa Marekani alichapisha kitabu kilichofundisha kuchunguza chanzo cha shida kabla ya kupanga msaada. Nchini kwetu, sheria ya mwaka 1973 ilianzisha chuo ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam.

Tena, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Lakini mjane asiyeulizwa habari zake, nani atamweleza haki hiyo?

Basi, tuingiapo karne ya pili, naomba mambo mawili. Kila mtaa usikilize kabla ya kugawa, na kutunza siri za wanaosikilizwa. Nao usharika usomeshe walau kijana mmoja katika kazi hii, ili asijifunze, kama mimi, kwa hasara ya mjane.

Mungu aubariki usharika wetu.